Mkuu wa Shule na Nyumba Yake: Kumkumbuka Jan Amos Comenius (1592–1670)

Utangulizi

Kila mchungaji aliyekaa usharikani miaka kadhaa amekwisha kusimama mbele ya jeneza la mkuu wa shule mstaafu. Kabla ya mahubiri husomwa historia fupi ya marehemu. Tunaelezwa mwaka aliozaliwa, shule alizosoma, vituo alivyofundisha, mwaka alipopewa ukuu wa shule na mwaka alipostaafu. Mwisho kabisa twasikia kwamba ameacha mjane, watoto na wajukuu kadhaa. Sehemu ya kazi huwa ndefu. Sehemu ya nyumba huwa mstari mmoja, nao ni wa hesabu tu. Makosa hayatajwi. Kisha mhubiri hupewa nafasi ya kuyaweka maisha hayo chini ya nuru ya Neno la Mungu.

Katika makala hii twapenda kutafakari jinsi Kanisa linavyopaswa kumkumbuka mwalimu wa namna hiyo. Hatutafanya hivyo kwa kutoa kanuni, bali kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja wa karne ya 17, Jan Amos Komenský, ambaye wasomi humwita kwa jina lake la Kilatini, Comenius. Wanafunzi wa theolojia hukutana na jina hili katika somo la elimu ya Kikristo. Hapo huambiwa kwamba ndiye baba wa elimu ya kisasa, kisha somo huendelea na jina jingine. Lakini Comenius hakuwa baba wa elimu tu. Alikuwa baba wa watoto, mume aliyefiwa na wake wawili, mchungaji, askofu na mkimbizi. Na mwishoni alikuwa mzee asiye na shule, wala usharika, wala nchi.

Hoja yetu ni hii: karibu kila kitu alichokabidhiwa Comenius kama kiongozi kilianguka kabla hajafa. Kilichovuka na kuwafikia watu wa baadaye, hata sisi wa Afrika, kilipitia nyumbani kwake na katika maandiko aliyoyaacha kwa wengine, mengine yakiwa hayajakamilika. Ikiwa ndivyo, basi historia ya marehemu ihesabuyo vyeo na kuipita nyumba kwa mstari mmoja huacha nje jambo kubwa.

Yatima aliyepata kuwa mwalimu

Comenius alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya mashariki ya Ucheki. Wazazi wake walikuwa washiriki wa Umoja wa Ndugu, kanisa dogo lililotokana na wafuasi wa Jan Hus, yule mtengenezaji aliyechomwa moto mwaka 1415 huko Konstanz. Umoja huo ulianza katika karne ya 15, miaka mingi kabla Martin Luther hajazaliwa. Ulijulikana kwa nidhamu ya usharika, kwa nyimbo, na kwa Biblia waliyoitafsiri katika Kicheki.

Baba yake alifariki mwaka 1604, mama yake akamfuata baada ya muda mfupi, na dada zake wawili pia. Mtoto akachukuliwa na shangazi yake katika mji wa Strážnice. Mwaka uliofuata mji huo uliteketezwa katika vita, naye akahamishwa tena. Walezi wake hawakuujali sana urithi wake wala masomo yake, hata akafikisha umri wa miaka kumi na sita ndipo alipoanza Kilatini katika shule ya Ndugu mjini Přerov. Wenzake darasani walikuwa wadogo kuliko yeye.

Twaomba msomaji asiipite habari hii upesi. Mwanafunzi aliyechelewa kuingia shuleni huona mambo ambayo yule aliyeingia kwa wakati hayaoni. Anaona jinsi kanuni zinavyokaririshwa pasipo kueleweka, jinsi fimbo inavyotumika mahali pa maelezo, na jinsi miaka inavyopotea. Comenius aliyaona hayo akiwa na akili ya kijana mkubwa, wala hakuyasahau. Baadaye aliposema kwamba shule za wakati wake zilikuwa mahali pa kutesea akili za watoto, alikuwa akisema habari aliyoishuhudia mwenyewe.

Ndugu walimpeleka Ujerumani kusoma theolojia, kwanza Herborn, kisha Heidelberg. Mwaka 1614 alirudi Přerov akawa mkuu wa ile shule aliyokuwa mwanafunzi wake, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mwaka 1616 alibarikiwa kuwa mchungaji. Miaka miwili baadaye alihamia Fulnek, mji mdogo wa kaskazini ya Moravia, awe mchungaji wa usharika na msimamizi wa shule yake. Mwaka huo huo wa 1618 alimwoa Magdalena Vizovská.

Nyumba ya kwanza

Mwaka huo wa ndoa ndio uliokuwa mwaka wa kuanza kwa Vita vya Miaka Thelathini. Tarehe 8 Novemba 1620 majeshi ya Waprotestanti wa Bohemia yalishindwa kwenye Mlima Mweupe karibu na Prague. Mwezi Juni 1621 viongozi ishirini na saba wa uasi ule waliuawa hadharani katika uwanja wa mji huo. Askari wakaja Fulnek, na mchungaji kijana akalazimika kukimbia na kujificha katika mashamba ya mabwana waliowahurumia Ndugu. Mke wake na watoto hawakuweza kufuatana naye.

Akiwa mafichoni aliandika kitabu kidogo juu ya ukamilifu wa Kikristo, akamtolea mkewe ili kumtia moyo. Hiki ndicho alichoweza kumpa. Mwaka 1622 tauni ilimwondoa Magdalena pamoja na watoto wao wawili. Mwaka uliofuata vitabu vyake alivyoviacha Fulnek vilikusanywa na kuchomwa moto. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, naye hakuwa na mke, wala watoto, wala maktaba, wala usharika aliouweza kuuhudumia waziwazi.

Katika kipindi hicho aliandika kwa Kicheki kitabu kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu bora vya lugha hiyo. Ni habari ya msafiri azungukaye dunia kama mtu aliyepotea katika mji wenye njia nyingi zisizo na mwisho. Msafiri huyo hukagua kazi za watu moja baada ya nyingine, hata wasomi na viongozi wa dini, na kila mahali aona ubatili. Mwishowe asikia sauti ikimwita arudi nyumbani, katika chumba cha moyo wake, na huko amkuta Kristo akimngojea. Mtu aliyepoteza nyumba ndiye aliyechagua neno "nyumbani" kuwa jina la wokovu.

Leszno: mkuu wa shule, askofu na baba

Mwaka 1624 alioa tena. Mke wake wa pili, Dorota, alikuwa binti wa Jan Cyrill, mmoja wa maaskofu wa Umoja wa Ndugu. Februari 1628, Waprotestanti walipokwisha kunyimwa nafasi katika nchi yao, Comenius alivuka mpaka pamoja na familia yake na kundi la wakimbizi, akaenda kukaa Leszno katika Polandi. Mwenye mji huo alikuwa mshiriki wa Umoja. Hakupata kurudi tena kukaa katika nchi yake.

Huko Leszno alifundisha katika shule ya sekondari ya Ndugu, na baadaye akawa mkuu wake. Kazi iliyomfanya ajulikane Ulaya nzima ilitoka katika darasa hilo. Mwaka 1631 alitoa kitabu cha kufundishia Kilatini kiitwacho Mlango wa Lugha Uliofunguliwa. Badala ya kumlisha mwanafunzi kanuni tupu, kitabu hiki kilimpa sentensi zipatazo 1,000 zilizopangwa katika sura 100, kila sura ikieleza kitu halisi: moto, maji, mwili, nyumba, ufundi, mji, kanisa. Mwanafunzi alijifunza maneno pamoja na vitu vyenyewe. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi ndani ya miaka michache. Mwaka 1658 kilifuatwa na kitabu kingine, Ulimwengu Katika Picha, kilichopigwa chapa mjini Nürnberg, ambamo kila somo lilikuwa na picha yenye namba zilizolingana na maneno. Kila mwalimu wa Tanzania aliyechora mchoro ubaoni na kuuwekea namba ametumia njia iliyopendekezwa na mkimbizi huyu.

Katika Didactica Magna, kitabu chake kikuu juu ya sanaa ya kufundisha, alidai kwamba wote wafundishwe: matajiri na maskini, wavulana na wasichana, wa mjini na wa kijijini. Sababu yake haikuwa ya kisiasa, ilikuwa ya kitheolojia. Kila mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na hakuna ajuaye Mungu amekusudia kumtumia nani. Alipanga elimu katika shule nne za miaka sita sita. Ya juu kabisa ilikuwa chuo kikuu katika kila nchi. Chini yake ilikuwa shule ya Kilatini katika kila mji, kisha shule ya lugha ya nyumbani katika kila kijiji. Ya kwanza kabisa, iliyo msingi wa zote, ilikuwa shule ya kifuani pa mama, katika kila nyumba.

Juu ya shule hiyo ya kwanza aliandika kitabu maalumu, kilichopigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1633. Humo awaambia wazazi kwamba mtoto wao ni wa thamani kuliko dhahabu. Awaeleza jinsi ya kumlisha, kumzoeza kusali, kumruhusu acheze na kugusa vitu, kumwonyesha mbegu na jua na mvua, na kumfundisha ukweli kwa kuwa wakweli mbele yake. Wakati akiandika, nyumbani kwake kulikuwa na watoto wadogo aliozaa na Dorota. Hatuamini kwamba aliyaokota haya katika maktaba.

Hata hivyo, haki yatudai tuseme jambo jingine. Baba huyu aliyeandika vizuri namna ile juu ya malezi alikuwa mara nyingi safarini. Mwaka 1632 Umoja ulimchagua kuwa mmoja wa maaskofu wake. Mwaka 1641 alikwenda London kwa mwaliko wa marafiki waliotaka kuanzisha huko mpango mkubwa wa elimu, mpango uliokufa mara vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642. Kutoka huko alipita Uholanzi akafika Uswidi, naye akaajiriwa kuandika vitabu vya shule kwa ajili ya Waswidi, kazi aliyoifanya katika mji wa Elbing hadi mwaka 1648. Alipokuwa London, Dorota alibaki na watoto. Kumbukumbu za wasomi zimejaa barua za mume. Sauti ya mke haikuhifadhiwa. Dorota alifariki Leszno mwaka 1648, muda mfupi baada ya familia kurudi huko. Tukimwita Comenius mwalimu wa mataifa, tukumbuke kwamba kuna mwanamke aliyeisimamia shule ile ya kwanza ili mumewe apate kuiandikia dunia habari zake.

Wosia wa mama anayekufa

Mwaka huo huo wa 1648 Mkataba wa Westfalia ulimaliza vita. Comenius na wenzake walikuwa wametumaini kwamba Uswidi ingewadai Wacheki haki ya kurudi kwao. Haikuwa hivyo. Nchi yao iliachwa mikononi mwa utawala uliowafukuza, naye akaandika kwa uchungu kwa waziri mkuu wa Uswidi kwamba wameachwa. Sasa alikuwa askofu kiongozi wa kanisa ambalo halikuwa na mahali pa kuishi.

Mwaka 1650 aliandika kitabu kifupi katika umbo la wosia. Umoja wa Ndugu ni mama aliyelala kitandani akingoja kufa, naye awagawia watoto wake na dada zake, yaani makanisa mengine, urithi mdogo alio nao. Sisi Walutheri tumo katika wosia huo. Mama ataka kanisa la Kilutheri lipate upendo mkubwa zaidi wa utaratibu na nidhamu, na lielewe vema zaidi fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani, ili watu wasilitumie kama mto wa kulalia katika dhambi. Maneno hayo yaliandikwa na askofu wa kanisa linalokufa, si na adui. Twadhani yafaa yasomwe mara kwa mara katika vyuo vyetu.

Kwa watu wa taifa lake aliandika kwamba aamini siku moja, ghadhabu ikiisha kupita, utawala wa mambo yao utarudi mikononi mwao wenyewe. Hakuona siku hiyo. Ilikuja mwaka 1918.

Makosa ya mzee

Mwaka 1649 alioa kwa mara ya tatu, naye mkewe aliitwa Jana Gajusová. Kuanzia mwaka 1650 hadi 1654 alikuwa Sárospatak, Hungaria, alikoalikwa na familia ya kitawala kutengeneza shule yao. Alipanga madarasa saba, lakini yaliyofunguliwa yalikuwa matatu tu. Wanafunzi wake aliwatungia michezo ya kuigiza ili wajifunze kwa furaha, na walimu wengine wakanung'unika. Kisha akarudi Leszno.

Hapa lazima tusimulie yale ambayo historia za marehemu huyaruka. Comenius alikuwa na udhaifu mkubwa wa kuamini manabii wa wakati wake. Rafiki yake wa tangu ujana, Mikuláš Drabík, alidai kupewa maono kwamba utawala wa ukoo wa Habsburg ungeanguka karibuni. Comenius alisitasita, akaomba, akaamini, na mwaka 1657 akayachapisha maono hayo pamoja na ya watu wengine wawili. Mambo yaliyotabiriwa hayakutokea. Drabík mwenyewe aliuawa na serikali mwaka 1671.

Kosa la pili liligharimu mji mzima. Mwaka 1655 Mfalme Karl Gustav wa Uswidi aliivamia Polandi, akaishika Leszno. Comenius aliandika hotuba ya kumsifu, akitumaini kwamba ndiye mkombozi wa Waprotestanti. Lakini Polandi ndiyo iliyokuwa imempa yeye na watu wake kimbilio kwa miaka ishirini na minane. Bahati ya vita ilipogeuka, mwezi Aprili 1656, majeshi ya Wapolandi yaliuteketeza mji. Si haki kusema kwamba hotuba ile peke yake iliuchoma mji, kwa kuwa Leszno ilikuwa imewapokea Waswidi. Hata hivyo watu wengi walimlaumu, na lawama hiyo ilikuwa na sababu.

Moto ule ulichukua nyumba, shule, kiwanda cha kuchapia na maktaba. Ulichukua pia kamusi kubwa ya Kicheki ambayo alikuwa akiikusanya tangu alipokuwa mwanafunzi, kazi ya zaidi ya miaka arobaini. Alisema kwamba ataacha kuililia kamusi hiyo siku atakapoacha kupumua.

Kwa nini tutaje haya? Si kwa kumwaibisha mzee. Ni kwa sababu makosa yake yalitoka mahali pale pale palipotoka wema wake. Tumaini lililomfanya aandike vitabu vya shule katikati ya vita ndilo lililomfanya amwamini Drabík. Upendo kwa watu wake walioonewa ndio uliomsukuma kumsifu mfalme mwenye upanga. Mhubiri akiyaficha makosa ya marehemu, huuficha pia msamaha ulioyafunika, na mwenye haki kwa imani hubaki mbele ya usharika kama mwenye haki kwa wasifu wake.

Shule ya uzee

Amsterdam ilimpokea akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Familia ya de Geer, matajiri waliokuwa wamemsaidia tangu zamani, ilimpa mahali pa kuishi na posho. Hakuwa tena mkuu wa shule yoyote. Alikuwa mstaafu bila sherehe ya kumwaga.

Ndipo tunapoona jinsi mwalimu anavyoweza kustaafu. Mwaka 1657 alikusanya maandiko yake yote ya elimu katika kitabu kimoja kikubwa. Aliwatafutia misaada Ndugu waliotawanyika, akawapigia chapa vitabu vya imani katika lugha yao. Zaidi ya yote, aliendelea na kazi yake kubwa iitwayo Shauri la Watu Wote Juu ya Kutengenezwa kwa Mambo ya Wanadamu. Katika sehemu yake ya nne, Pampaedia, aliupanua mpango wake wa zamani. Sasa hazikuwa tena shule nne. Maisha yote ya mtu ni shule, tangu tumboni mwa mama hadi kaburini, na miongoni mwa shule hizo imo shule ya uzee.

Alikataa wazo kwamba mzee amemaliza kujifunza. Katika shule hiyo, alisema, mzee ana masomo matatu: kuyatumia vema matunda ya maisha yaliyopita, kuyaendesha sawasawa maisha yaliyobaki, na kuyafunga vizuri maisha ya dunia ili aingie kwa furaha katika maisha ya milele. Twafahamu wastaafu wengi katika sharika zetu ambao siku ya kukabidhi funguo za ofisi ilikuwa kwao kama siku ya kufa. Comenius angewaambia kwamba wamehamishiwa darasa jingine.

Mwaka 1668 alitoa kitabu chake cha mwisho mashuhuri, Jambo Moja Lihitajiwalo, kichwa alichokichukua katika habari ya Martha na Mariamu (Luka 10:38–42). Mzee wa miaka sabini na sita ayapitia maisha yake, akiri kwamba yeye naye amekuwa Martha mwenye kujisumbua kwa mengi, na amshukuru Mungu kwa kuwa amempa kuwa mtu wa kutamani mema. Hakusema kwamba amefanikiwa. Alifariki tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa Naarden karibu na Amsterdam. Lile Shauri halikuwa limekamilika. Alimwachia mwanawe Daniel na msaidizi wake mmoja kazi ya kulimaliza, lakini halikutolewa kama alivyotaka.

Binti, mkwe na mjukuu

Kama hadithi ingeishia hapo, tungekuwa na historia ya kushindwa: nchi haikurudi, kanisa lilikuwa likifa, manabii walikosea, kamusi iliungua, kitabu kikuu hakikutoka. Lakini sasa twarudi kwenye ule mstari mmoja wa mwisho, "ameacha watoto na wajukuu".

Mwaka 1649 binti yake na Dorota, aitwaye Alžběta, aliolewa na Petr Figulus, mwanafunzi na karani wa Comenius. Mwaka 1662, ili uaskofu wa Umoja usikatike, Figulus aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Ndugu walio uhamishoni. Alifariki mwaka 1670, miezi michache kabla ya mkwewe. Lakini mwaka 1660 alikuwa amezaliwa kwao mtoto wa kiume, Daniel Ernst, aliyejulikana kwa jina la Jablonski kutokana na mji wa asili wa baba yake. Mjukuu huyu alikua akawa mhubiri wa mfalme huko Berlin, na mwaka 1699 akawekwa wakfu naye kuwa askofu wa Umoja wa Ndugu. Alishika uaskofu wa kanisa ambalo watu wengi walidhani limekwisha kufa.

Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walianza kujenga kijiji cha Herrnhut katika shamba la Nikolaus von Zinzendorf, Mlutheri. Wengi wa wakimbizi wa miaka hiyo walitoka katika vijiji vya jirani na Fulnek, pale pale Comenius alipokuwa mchungaji miaka mia moja kabla. Imani ilikuwa imetunzwa majumbani, kwa siri, na vitabu vikapita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Mwaka 1727, kijiji kikiwa katika ugomvi, Zinzendorf alikuta katika maktaba ya Zittau kitabu cha Comenius juu ya utaratibu wa Umoja wa Ndugu, akatambua kwamba wakimbizi wake walikuwa warithi wa kanisa la kale. Tarehe 13 Machi 1735, huko Berlin, Jablonski alimwekea mikono David Nitschmann, seremala aliyekuwa miongoni mwa wamisionari wawili wa kwanza wa Herrnhut, awe askofu. Mwaka 1737 Zinzendorf mwenyewe aliwekwa wakfu.

Msomaji wa Afrika aijua sehemu iliyobaki. Mwaka huo huo wa 1737 Georg Schmidt, mzaliwa wa kijiji kilicho karibu na Fulnek, alifika Afrika Kusini. Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, na mwaka ule ule wamisionari wa Kilutheri wa Berlin wakaanza kazi katika nchi ya Konde, jirani zao. Kumbe mama aliyeandikiwa wosia mwaka 1650 hakufa. Aliyeuvusha uaskofu wake alikuwa mtoto wa Alžběta.

Lile Shauri nalo halikupotea. Mnamo mwaka 1935 mwanachuoni Dmitrij Tschižewskij aliukuta mswada wake mjini Halle, katika maktaba ya nyumba ya yatima iliyoanzishwa na August Hermann Francke, mchungaji wa Kilutheri. Ulipigwa chapa Prague mwaka 1966, miaka 296 baada ya mwandishi wake kufa. Nyumba ya yatima ndiyo iliyomtunzia yatima wa Strážnice kazi yake.

Hitimisho

Twarudi sasa mbele ya jeneza la mkuu wa shule mstaafu, katika usharika wa kijijini. Maisha ya Comenius yatufundisha mambo matatu juu ya namna ya kumkumbuka.

Kwanza, nyumba yake isiwe mstari wa hesabu. Mtume Paulo alipoitazama imani ya Timotheo aliwataja kwa majina bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Mchungaji akienda kwa wafiwa kabla ya mazishi, aulize si vyeo tu bali yale yaliyofundishwa mezani na katika sala ya jioni, tena aulize ni nani aliyeibeba nyumba mzee alipokuwa shuleni. Mara nyingi jibu limeketi kimya pembeni, limevaa kaniki.

Pili, ukweli usemwe kwa upole. Mwalimu aliyekuwa mkali kupita kiasi, au aliyewafundisha watoto wa wengine akawasahau wake, hahitaji uongo wetu. Amebatizwa katika kifo cha Kristo, na hiyo yamtosha.

Tatu, kazi isiyokamilika itajwe kama urithi, isitajwe kama aibu. Waebrania 11 huwahesabu kuwa mashahidi watu waliokufa bila kuzipokea ahadi. Yawezekana katika sanduku la mzee yumo mswada wa historia ya usharika, au orodha ya maneno ya lugha ya kabila lake, au nyimbo ambazo hazikupigwa chapa. Tunawasihi wachungaji na wanafunzi wetu waziombe karatasi hizo kwa wafiwa na kuzitunza, kabla ya mchwa na mvua kufanya kazi ambayo huko Leszno ilifanywa na moto.

Katika Jamhuri ya Ucheki na Slovakia tarehe 28 Machi, siku aliyozaliwa Comenius, ndiyo Siku ya Walimu. Si vibaya sharika zetu nazo zikiwakumbuka walimu wao wastaafu tarehe hiyo, wakiwa bado hai, wakiwa wameketi na wake zao, waume zao na wajukuu wao, wakati wenyewe bado waweza kusikia.